Besi Inasikika, Mpiga Besi Haonekani: Nani Hasa Anapiga?

Septemba 2022 bendi ya Kimarekani ya Falling in Reverse ilitakiwa kupanda jukwaani kwenye tamasha la Rocklahoma, jimboni Oklahoma. Haikupanda. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba kompyuta mpakato zao hazijulikani zilipo, na bila hizo hakuna onyesho. Mashabiki wa roki wakagawanyika. Wapo waliouliza ni bendi gani hii inayoshindwa kupiga kwa kukosa kompyuta. Wengine wakawajibu kwamba wamelala, bendi kubwa nyingi tu zinatembea na kompyuta jukwaani.

Huku kwetu ugomvi huo tunaujua kwa sura nyingine. Msanii anapanda, CD inaimba, yeye anashika maiki na kurukaruka, kesho yake mtaa mzima unabishana kama ile ilikuwa laivu au la. Kwenye roki, chombo ambacho ni rahisi zaidi kukipitisha kimyakimya ni besi. Gitaa la solo likikatika, uwanja mzima unageuka kutazama. Besi ikitoka kwenye mashine badala ya vidole vya mtu, unaweza kurudi nyumbani umefurahi na usijue.

Tatizo ni kwamba wanaobishana wanatumia maneno "sinthesaiza", "mashine" na "CD" kana kwamba yote yana maana moja. Hayana. Chukulia mtu anakuuliza: "Hii chapati ni ya kweli?" Huwezi kumjibu mpaka ujue anauliza nini. Anauliza unga uliotumika? Anauliza kama imesukumwa kwa mkono au kwa mashine? Au anataka kujua kama imetoka kwenye chuma sasa hivi au ni kiporo cha jana kilichopashwa? Chapati ya unga mzuri, iliyosukumwa kwa mkono, inaweza kuwa kiporo. Ya mashine inaweza kuwa bado inafuka moshi. Besi nayo ina maswali yake matatu: sauti inazalishwa na nini, nani anaamua noti ianze na ikome lini, na je, imepigwa sasa hivi mbele yako au ilirekodiwa zamani? Anayejibu swali moja akadhani amejibu yote matatu ndiye anayechafua mjadala.

Tuanze na besi yenyewe. Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne. Uzi mnene kuliko wote, ukipigwa wazi, unatetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, oktavo moja chini ya uzi mnene wa gitaa la kawaida, yaani nusu ya mitetemo yake. Kabla yake, kazi hiyo ilifanywa na besi kubwa ya mbao inayosimama wima, ndefu kama mpigaji au zaidi, isiyo na alama yoyote shingoni ya kukuonyesha noti ilipo. Mwaka 1951 Leo Fender wa California akatoa Precision Bass, gitaa la umeme la kuning'iniza begani, lenye vyuma vya kugawa noti shingoni. Jina lilitokana na usahihi huo: ukibonyeza kati ya chuma na chuma, noti inatoka pale inapotakiwa. Miaka michache baadaye roki ilizaliwa, ikalikumbatia.

Kazi ya besi aliyekulia kwenye dansi au rumba anaijua hata kama hajawahi kuieleza kwa maneno. Solo linapamba, ridhim linajaza, besi ndiyo inayofunga ngoma na magitaa yawe kitu kimoja. Katika roki, besi hukaa karibu sana na ngoma ya mguu, ile kubwa inayopigwa kwa pedeli. Viwili hivyo vikishikana, bendi inasimama. Vikiachana hata kidogo, msikilizaji asiyejua muziki atasema tu kwamba "kuna kitu hakijakaa".

Sasa yale maneno. Sinthesaiza ni chombo kinachozalisha sauti kwa umeme, bila uzi wala ngozi wala pumzi. Mara nyingi kina vibao kama vya kinanda, na mtu anakipiga kwa mikono yake. Sikwensa ni kitu tofauti kabisa: yenyewe haina sauti. Ni kumbukumbu inayotunza orodha ya amri, piga noti hii, kwa muda huu, halafu ile, na kuzituma kwa chombo chenye sauti, bila kuchoka wala kupiga chafya. Siku hizi sikwensa ni programu ndani ya kompyuta, zamani lilikuwa sanduku lenye vitufe. Cha tatu ni rekodi ya kuchezeshwa nyuma ya bendi, ambayo inaweza kuwa na chochote ndani yake, hata besi iliyopigwa kwa vidole na mpigaji bora duniani. Hicho ndicho kiporo, na ubora wa unga haubadilishi ukiporo wake.

Ukishatenganisha hivyo, mifano inayoonekana kugongana inatulia. The Doors, bendi ya Los Angeles iliyovuma mwishoni mwa miaka ya 1960, haikuwa na mpiga besi. Jukwaani Ray Manzarek alipiga ogani kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akapiga kinanda kidogo cha besi kilichotengenezwa na kampuni ya Fender. Gitaa la besi halikuwepo, lakini kila noti iliamuliwa na mkono wa mtu papo hapo. Stevie Wonder, ambaye si mwanaroki ila wanaroki wengi wamemsikiliza kwa makini, mwaka 1974 alipiga besi ya wimbo mzima kwa sinthesaiza ya Moog, nayo inayumba na kucheka kama mtu anayetembea akiwa amepokea mshahara. Bernie Worrell, mpiga kinanda wa bendi ya Parliament, alifanya hivyo hivyo mwishoni mwa muongo ule. Sauti za umeme tupu, lakini kila noti ilitoka mkononi mwa mtu.

Upande wa pili wa sarafu huzungumzwa mara chache, na kwangu mimi ndio unaovunja kabisa mjadala wa "mtu dhidi ya mashine". Katika studio za leo ni jambo la kawaida mpiga besi kupiga gitaa lake halisi, kwa vidole halisi, kisha fundi akaikata rekodi noti moja moja kwenye kompyuta na kuisogeza kila moja ikae pale pale kwenye mistari ya saa ya programu. Nyuzi ni za chuma, jasho ni la mtu, lakini swali la noti ianze lini limejibiwa na kompyuta. Hiyo tuiite nini? Shabiki anayeapa kwamba husikiliza "vyombo vya kweli tu" ana albamu kadhaa za namna hiyo nyumbani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa New Order, bendi ya eneo la Manchester, na wimbo wao wa mwaka 1983, Blue Monday. Ndani yake mna besi mbili. Ya kwanza ni ya sinthesaiza, inadunda chini kwa mwendo usiobadilika, ikiendeshwa na sikwensa ambayo mpiga gitaa Bernard Sumner aliiunganisha mwenyewe kutoka kwenye vipande vya kununua. Ya pili ni gitaa la besi la Peter Hook, linaloimba juu kabisa karibu na sehemu ya solo. Mazoea hayo ya kupiga juu Hook ameyaeleza mwenyewe: siku za mwanzo amplifaya yake ilikuwa dhaifu, na akipiga chini hakujisikia. Kwa hiyo mashine ilipokuja haikumfukuza. Ilichukua ile nafasi ya chini ambayo yeye alikuwa ameshaihama.

Kuna kisa kingine ndani ya wimbo huohuo. Gillian Gilbert, mwenzao kwenye bendi, ndiye aliyekuwa na kazi ya kuingiza noti za sinthesaiza kwenye sikwensa, moja baada ya nyingine, akifuata makaratasi aliyoyagundisha yakawa marefu kupita kiasi. Akaruka noti moja. Matokeo yake melodia ya sinthesaiza haikai sawasawa na mdundo, inaingia pembeni kidogo, na ndivyo ilivyotoka sokoni, na ndivyo watu walivyoipenda. Wanaosema mashine haikosei wanasahau kwamba inafuata tulichoiandikia. Tofauti ni kwamba mtu akikosea jukwaani kosa linapita, kwenye sikwensa kosa linarudi kila usiku kwa wakati uleule.

Basi tofauti halisi inayosikika iko wapi? Wengi watasema kwenye sauti. Mimi nadhani sauti ni sehemu ndogo, kwa sababu kwenye sampuli za siku hizi, yaani noti za chombo halisi zilizorekodiwa ili kompyuta izipige, kila noti ya gitaa la besi hurekodiwa mara nyingi, kwa nguvu mbalimbali, na programu inazibadilishabadilisha ili noti mbili zisifanane kabisa. Tofauti kubwa iko kwenye wakati. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una nusu sekunde kati ya pigo na pigo. Ukiligawa pigo mara nne unapata milisekunde 125. Mpiga besi akichelewa nyuma ya ngoma kwa milisekunde 15 hivi, hakuna sikio litakalosikia sauti mbili, lakini mwili utahisi kwamba wimbo unavutwa nyuma, umetulia. Akitangulia kwa kiasi hichohicho, wimbo unasukumwa. Wapigaji wazuri hucheza na nafasi hiyo bila kufikiri, na huibadilisha kati ya ubeti na kiitikio.

Cha pili, na hiki hakisemwi vya kutosha, ni mwisho wa noti. Kila mtu husikiliza noti inapoanza. Ila mpiga besi aliyekomaa hutambulikana kwa pale anaponyanyua kidole: anaikata noti kabla ya pigo la ngoma ndogo ili lipumue, au anaiacha iingie ndani yake ili sehemu hiyo iwe nzito. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo lukuki za kampuni ya rekodi ya Motown pale Detroit na kuwafunza kwa mbali vijana wa roki wa Uingereza, alitumia kidole kimoja cha mkono wa kulia na nyuzi kuukuu ambazo hakupenda kuzibadilisha. Noti zake ni fupi, zimefifia, na kati yake kuna mapengo yanayocheza kuliko noti zenyewe. Sikwensa inaweza kuandikiwa mapengo hayo. Shida ni kwamba lazima kuwe na mtu mwenye subira ya kuyaandika, na wengi hawana.

Cha tatu ni kujibu. Mpiga drams akiongeza nguvu ghafla kwa sababu watu wameanza kuruka, mpiga besi anamfuata ndani ya pigo moja. Sikwensa haifuati mtu, hufuatwa. Ndiyo maana bendi inayotumia sikwensa jukwaani humvalisha mpiga drams spika za masikioni zinazompigia kliki, tik-tik-tik, ambayo hadhira haiisikii. Jambo hili si la jana. The Who, bendi ya Uingereza, walianza kubeba kanda za sinthesaiza jukwaani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Keith Moon, mmoja wa wapiga drams watundu kuliko wote katika historia ya roki, akalazimika kuvaa hedifoni na kutii kanda. Mpiga besi wao John Entwistle akapiga laivu juu yake. Ukiniuliza, hapo ndipo gharama ya mashine ilipo: bendi nzima inapoteza uhuru wa kukimbia, kupunguza mwendo, au kurudia kiitikio mara mbili zaidi kwa kuwa watu wamekolea, hata kama besi yenyewe iko mikononi mwa mtu.

Kwa nini basi bendi zinakubali gharama hiyo? Sababu ya kwanza ni pesa, na hakuna aibu kuisema: mshahara mmoja, kitanda kimoja cha hoteli na tiketi moja ya ndege vimepungua. Sababu ya pili ni sauti. Ngoma ya mguu na besi zinagombania eneo moja la chini, na fundi mitambo hulala usingizi mzuri zaidi besi ikiwa na nguvu ileile kila noti. Sinthesaiza pia inashuka chini ya zile hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, bila kulegeza uzi wowote. Sababu ya tatu ni ladha. Munich, mwaka 1977, mtayarishaji Giorgio Moroder alimrekodia mwimbaji Donna Summer wimbo ambao besi yake yote ilitoka kwenye mtambo wa Moog ukiendeshwa na sikwensa. Uzito ule wa kujirudia bila kupumua ulikuwa mpya masikioni, na wanaroki waliusikia. Ngoma ya mguu ya wimbo huohuo, kwa taarifa yako, ilipigwa na mtu, Keith Forsey, kwa mguu wake.

Hofu ya ajira nayo ilikuwepo tangu mapema. Mwaka 1982, baada ya mwimbaji Barry Manilow kufanya ziara Uingereza akitumia sinthesaiza badala ya okestra, tawi la London ya kati la chama cha wanamuziki cha nchi hiyo lilipitisha hoja ya kutaka sinthesaiza na mashine za ngoma zizuiwe. Marufuku ya nchi nzima haikuja. Mwaka uliofuata ZZ Top wa Texas, bendi ya ndevu ndefu na bluzi nzito, walitoa albamu ya Eliminator ikiwa imejaa sinthesaiza na mashine za ngoma, na ikauza zaidi ya nakala milioni kumi Marekani peke yake. Nani alipiga nini hasa kwenye albamu ile, waliokuwemo wameendelea kupingana. Mpiga besi wao Dusty Hill aliendelea kusimama na gitaa lake la besi jukwaani karibu mpaka kifo chake mwaka 2021.

Cha kuchekesha ni kwamba mashine iliyotengenezwa waziwazi ili ishike nafasi ya mpiga besi ilifeli vibaya. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa TB-303 mwaka 1981, kisanduku cha rangi ya fedha cha kumsindikiza mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake. Sauti yake haikufanana na besi, ilifanana na nyigu aliyefungiwa kopo. Ikaacha kutengenezwa mwaka 1984. Vijana wa Chicago wakaziokota kwa bei ya kutupa, wakazungusha vitufe vyake ovyo, na muziki mpya kabisa wa dansi ukazaliwa.

Nimesikia dhana nyingi potofu katika mjadala huu. Kubwa ni ile ya kwamba zamani kila bendi ilipiga vyombo vyake yenyewe. The Doors hao hao, pamoja na mkono wa kushoto wa Manzarek, studio walikodi wapiga besi. Albamu ya mwaka 1971 ina Jerry Scheff, aliyekuwa pia akimpigia Elvis Presley. Besi nyingi kwenye rekodi za bendi ya Kimarekani ya The Beach Boys za katikati ya miaka ya 1960 zilipigwa na wanamuziki wa kukodi, akiwemo mwanamama Carol Kaye, ingawa kiongozi wao Brian Wilson mwenyewe alikuwa mpiga besi. Watu walikuwa wakisikiliza besi ya mtu mwingine miongo mingi kabla ya kompyuta kuingia.

Nyingine inasema mashine haina hisia kwa kuwa mapigo yake yamenyooka. Mashine ya ngoma ya Roger Linn ya mwaka 1980 tayari ilikuwa na uwezo wa kuyayumbisha mapigo kwa makusudi, ili yasikae kama askari kwenye gwaride. Kunyooka ni uchaguzi wa aliyeshika vitufe.

Halafu kuna Queen, bendi ya Freddie Mercury, mtoto wa Unguja. Kwenye majalada kadhaa ya albamu zao za miaka ya 1970 waliandika kwa fahari kwamba hakuna sinthesaiza humu ndani. Mwaka 1980 wakabadili mawazo na kuitumia kwenye albamu ya The Game. Wapo wanaodhani besi kavu ya Another One Bites the Dust, iliyomo kwenye albamu hiyohiyo, ndiyo mashine yenyewe, maana imebana mno. Ile ni ya mpiga besi wao John Deacon na gitaa lake. Kilichokuwa kikijirudia kwa ufundi wa studio ni ngoma, kipande cha mpiga drams Roger Taylor kilichozungushwa kwenye kanda. Na ile melodia ya viwanjani, o-oo-o-o-oo-oo, ya wimbo Seven Nation Army wa bendi ya The White Stripes, ambayo mashabiki wa mpira huiimba hasa toka Italia ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 2006, si gitaa la besi wala sinthesaiza: bendi hiyo haikuwa na mpiga besi, na Jack White aliiteremsha sauti ya gitaa lake la kawaida oktavo moja kwa pedeli ya kubadilisha sauti.

Ukitaka kupima kwa masikio yako, usihangaike kwanza na sauti. Chagua noti inayojirudia mara nane mfululizo na usikilize kama ya tano inafanana na ya kwanza. Sikiliza vidole vikiteleza kwenye nyuzi wakati wa kuhama noti, na noti zilizozimwa ambazo ni tk tu bila sauti. Subiri mpiga drams abadilishe kitu mwishoni mwa ubeti, uone kama besi imemjibu au imepita kama gari moshi. Na upimaji huo usiufanye kwenye spika ya simu. Spika ndogo hiyo haiwezi kutoa hezi 41 hata kidogo. Inatoa zile sauti za juu zinazoambatana na noti, na ubongo wako unajijazia msingi uliokosekana. Mabishano mengi ya mitandaoni kuhusu besi ya nani ilikuwa ya kweli yanafanywa na watu ambao, kwa hesabu ya kawaida tu, besi yenyewe haikuwafikia.